Mwanya wa Emilia

Mhudumu wa mochwari, mtu mpole aitwaye Nurdini, alifunua shuka hadi mabegani akarudi nyuma hatua moja. Filipo akatazama. Siku nne ndani ya maji ya bwawa la Mtera si mchezo. Uso ule ungeweza kuwa wa yeyote. Upepo ulipindua mtumbwi, wanawake wawili wakapotea: binti yake Emilia, mtumishi wa idara ya uvuvi aliyekwenda kupima samaki, na mama mmoja muuza perege. Aliyepatikana mpaka sasa ni mmoja.

"Mzee, binti yako ana alama yoyote?" aliuliza askari mwenye karatasi.

"Nionyesheni meno."

Nurdini aliinua mdomo wa juu kwa kidole chenye glavu. Filipo akainama. Yeye ni mwashi wa Chamwino, mwaka wa thelathini huu anajenga. Ukuta ukipinda nusu kidole anauona akiwa barabarani, timazi inakuja baadaye kuthibitisha tu. Aliyakagua meno yale kama anavyokagua mstari wa tofali. Yalikuwa yamenyooka, yamebanana.

"Huyu si wangu," alisema. "Wangu ana mwanya, unapitisha njiti ya kiberiti. Ameurithi kwa mama yangu, pamoja na jina."

"Una hakika?"

"Afande, hata mimi ninao." Akafungua kinywa kumwonyesha.

Askari akaandika. Nje, Filipo alimpigia mkewe Raheli. "Si yeye." Kule Chamwino wanawake wakapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Yeye hakusikia furaha wala uchungu. Mwili wote ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Alikaa kwenye benchi la zege, akaona limepasuka kwa sababu aliyelimwaga hakulimwagilia maji.

Hapo ndipo Mwanahawa alipomkuta. Alikuwa akifanya kazi na Emilia, wakiishi chumba kimoja mjini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Si yeye, mwanangu. Nimekagua meno, hana mwanya."

Mwanahawa alikaa, akakumbatia mkoba wake. "Baba, Emilia hana mwanya."

"Unamfundisha fundi nyumba aliyoijenga mwenyewe?"

"Umezibika, baba. Tangu mwaka jana anavaa plastiki za kunyoosha meno. Ni angavu kama maji, usipoambiwa huzioni. Kila wiki mbili anabadilisha jozi, kila jozi inayasogeza kidogo."

"Anakuja kila Jumapili! Tunakula sahani moja!"

"Kabla ya kula, si huwa anatoka nje?"

Filipo akakumbuka. Alikuwa akitoka. Ugali ukitengwa, Emilia anaamka kwenda nyuma ya nyumba, anarudi kinywa kimefumbwa. Akikaribishwa chai ya moto: "Nitakunywa baadaye, baba." Siku moja Filipo alimwambia mbele ya wageni, "Mjini umejifunza kinyaa. Chai ya mama yako imekuwa sumu ya panya?" Wageni walicheka. Emilia naye alicheka, kiganja mdomoni.

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema mwanya ni wa bibi, utaona ameutupa. Alitaka amalize kwanza. Zilibaki jozi mbili."

Akatoa mkobani kikopo kidogo cha mviringo, kama cha rangi ya viatu. "Siku ile tulikula perege ufukweni. Alizivua ale. Kabla hajazirudisha, akaitwa mtumbwini. Akasema nimshikie, atavaa akirudi."

Ndani mlikuwa na plastiki mbili, ya juu na ya chini, nyepesi kama maganda ya kitunguu. Filipo aliinua ya juu kwenye jua. Kila jino lilikuwa na nyumba yake. Mwanya haukuwepo.

"Kama ni yule mama wa perege, haitaingia," alisema.

"Haitaingia, baba."

Wakarudi ndani. Askari alitaka kuuliza, akaacha. Nurdini aliisuuza plastiki ya juu, ingawa ilikuwa safi, akaipachika, akabonyeza kwa dole gumba kushoto, kisha kulia. Maisha yake yote Filipo alikuwa akiomba vitu vikae sawa. Leo aliomba kimoja kikatae.

Ikaingia. Ikalia *tk*, kama kifuniko cha kalamu. Hapakubaki nafasi hata ya wembe.

"Ni yeye," alisema Filipo, kwa sauti ya mtu anayetaja idadi ya mifuko ya saruji.

Nurdini alipopeleka kidole aitoe, Filipo alimshika mkono. "Iache. Na ya chini mvalishe."

"Mzee, haina kazi tena."

"Mwanahawa, anatakiwa azivae saa ngapi?"

"Saa ishirini na mbili kwa siku, baba. Anavua akila tu."

"Umesikia. Hatakula tena."

Nurdini akachukua ya chini, akaivalisha. Kisha simu ya Filipo ikaita. Alikuwa Raheli.

"Baba Emilia, umekula lakini? Huku wamechinja mbuzi, wanasema kama huyo si yeye basi wetu yuko kisiwa fulani ananyeshewa tu."

Nyuma yake wanawake walikuwa wakiimba.

"Mama Emilia," alisema Filipo, "waambie wanyamaze. Halafu kaa chini."