Mikono ni Mikono

Binti wa fundi cherehani alikuwa maabarani akipima udongo. Alikuwa ameukausha, ameuponda na kuuchekecha, na sasa aliudondosha kidogo kidogo kwenye kisahani cha mizani. Msimamizi wa tasnifu yake akaja kwa nyuma, akamwekea mkono begani kama alivyozoea muhula mzima.

"Taratibu, mrembo. Mizani inataka mahaba."

Mkono ukaanza kuteremka. Binti akajivuta pembeni, na mkono ukaja naye. Uling'oka kwenye kifundo bila damu wala kelele, ukabaki umemshika begani, kovu la moto likionekana kwenye kidole gumba. Msimamizi alilitazama shati lake lililobaki na ncha tupu ya mkono, akaitia mfukoni, akaenda kufundisha. Kufikia Ijumaa alikuwa ameota mwingine. Wanafunzi walimwita Kaa tangu zamani, na kaa akipoteza gando huota jingine.

Bwenini, mwenzake wa chumba alijaribu sabuni, kisha mafuta ya kupikia. Mkono ukazidi kukaza.

"Nenda Ofisi ya Ustawi. Si wameandika mlangoni, Tunakuunga Mkono?"

"Shoga, wa kuungwa si huu hapa?"

Wakacheka, halafu wakaacha kucheka.

Ofisi hiyo ilifunguliwa baada ya mgomo wa wanafunzi. Waliogoma walifukuzwa, ofisi ikabaki, nayo hupakwa rangi kila wanapokuja wageni. Ofisa wake alikuwa mama aliyesoma chuo hichohicho, mvaaji wa sweta zito hata jua lilipochoma bati. Alimkaribisha binti kiti, akammiminia maji.

"Una uhakika ni wake, mwanangu?"

"Kovu hilo hapo, mama."

Ofisa alilitazama kovu kwa mbali.

"Wengine huzoea."

"Mimi sitaki kuzoea. Nataka msimamizi mwingine. Huyu asiposaini, sihitimu."

"Basi shauri litakwenda kikaoni."

Kabla ya kikao binti alikwenda nyumbani, kwani hakuwa na blauzi inayomtosha tena. Baba yake ndiye aliyeshona majoho ya mahafali ya chuo, na kila mwaka aliomba kazi hiyo upya kwa unyenyekevu. Alipima bega, akapima mkono ulioshika bega, akachukua mkasi.

"Baba, mbona huulizi ni wa nani?"

"Nimeuliza vipimo, mwanangu," alisema, pini zikiwa mdomoni. Nyuma yake yalining'inia majoho meusi, ukuta mzima. Alipomaliza, blauzi ilikuwa na tundu safi begani, limekunjwa na kushonwa kwa uzi usioonekana.

Kikao kilikuwa na Mkuu wa Kitivo, aliyeongoza bila kupiga kura, na wahadhiri watatu. Mmoja wao alikuwa Kaa mwenyewe. Kanuni ziliruhusu mlalamikiwa kupiga kura katika shauri lake, na aliyezitunga ni yeye. Ofisa wa Ustawi alikaa pembeni akiandika kumbukumbu, sweta limefungwa vifungo vyote.

"Wanaounga mkono binti apewe msimamizi mwingine, wanyooshe mikono."

Mhadhiri wa takwimu akanyoosha wake bila kusita. Mzee mmoja aliyekaribia kustaafu alimtazama Kaa, akatazama meza, kisha naye akanyoosha. Mikono miwili. Binti alijikuta akihesabu tena, asije akawa amekosea.

"Wanaopinga?"

Kaa akanyoosha mkono wake mpya, uliokuwa bado laini kama wa mtoto mchanga. Hapo ule wa begani ukaachia. Kwa mara ya kwanza tangu maabarani, bega la binti likawa jepesi. Mkono ukajinyoosha juu, vidole vimebana, kama mwanafunzi anayejua jibu. Kisha sweta la Ofisa likatuna kiunoni, kifungo kikaruka hadi chini ya meza, na mkono mwingine ukatoka na kupanda juu. Ulikuwa na kovu kwenye gumba. Ofisa aliendelea kuandika.

"Tatu," alisema Mkuu.

"Lakini huyo ni mtu mmoja!" alisema mhadhiri wa takwimu.

Mkuu akafunua kanuni, akasoma, akafunika.

"Imeandikwa mikono, haikuandikwa watu. Mikono ni mikono. Hoja imeanguka."

Mkono ukarudi begani, ukambinya kidogo.

Nje, ukumbini, Ofisa alikuwa akihangaika na sweta lisilofungika.

"Tangu lini, mama?" binti aliuliza.

"Nilikuwa na umri wako." Aligusa pindo la lile tundu, akalipapasa kwa ncha ya kidole. "Nani kakushonea? Mimi sweta linanichoma."

Jumatatu, baba alipofungua duka, alikuta benchi limejaa na foleni imefika barabarani. Ofisa alikuwa wa kwanza. Nyuma yake walikuwepo muuguzi aliyevaa sare, karani wa benki, na mama aliyembeba mtoto kifuani kwa sababu mgongoni hapakuwa na nafasi. Binti alisimama kando ya cherehani, ameshika mto wa pini. Baba alitazama kidole gumba cha kwanza chenye kovu, akatazama cha pili chenye kovu hilohilo, akaenda na foleni mpaka mlangoni na kurudi. Kisha aliyaondoa majoho ukutani kupata nafasi, akayakunja vizuri, na kuvuta futi shingoni.

"Karibu, mama," alimwambia Ofisa. "Bega au kiuno?"