Kufuli Kwanza, Kisha Yai

Kwa miaka kumi na moja alikuwa jino, tena jino bovu. Kikundi chao cha maigizo kilizunguka shule za msingi kuwafundisha watoto kupiga mswaki, na yeye, kwa kuwa sauti yake ilifika benchi la mwisho bila kuchoka, ndiye aliyevishwa gunia jeupe lenye doa jeusi tumboni akalia "Mnaniacha nioze!" mpaka walimu wenyewe wakawa wanajipapasa mashavu. Watoto walimpenda. Walimpenda kupita kiasi, maana hata alipovaa nguo zake za heshima akaenda sokoni, kuna aliyempigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Jino! Jinooo!" Naye alipunga mkono. Angefanyaje? Alikuwa na miaka arobaini na miwili, si umri wa kukimbizana na watoto wa watu.

Basi siku alipopata ujumbe kwamba ule mchezo wa hospitali unaoonyeshwa kwenye televisheni unatafuta mwanamke wa kuigiza mama mwenye mgonjwa, sehemu moja tu, dakika tatu, aliusoma akiwa amesimama, akaketi, akausoma tena. Nyumbani kwao, Alhamisi jioni mchezo ule ukianza, hakuna aliyethubutu hata kupiga chafya. Mama yake alikaa kiti cha mbele. Mama mdogo, mdogo wake mama aliyeishi chumba cha pili, alikaa kinachofuata. Na wote wawili walimchukia kwa moyo mmoja karani wa mapokezi wa mchezo huo, kijana mwenye tai ambaye tangu sehemu ya kwanza hakuwahi kumwambia mgonjwa neno zaidi ya "Subiri."

"Ningekuwa mimi," mama alizoea kuiambia televisheni, "ungenitambua."

Na hakuwa anatisha bure.

Majaribio yalifanyika ghorofa ya tatu, kwenye korido yenye viti sita na wanawake ishirini na watatu. Kila aliyeingia ndani alisikika akilia. Wengine walilia kwa kwikwi, mmoja alijibwaga chini kwa kishindo hadi katibu akachungulia kuona kama ni mzima. Zamu ya Jino ilipofika, akaingia, akavuta pumzi, akaitoa ile sauti ya benchi la mwisho. Mwongozaji, mwanamume mfupi aliyevaa kofia ya sufu joto lote lile, akajitia kidole sikioni.

"Dada," akasema kwa upole, "kipaza sauti kiko hapo kifuani kwako. Hakiko mtaa wa pili."

"Samahani. Nimezoea viwanja vya shule."

"Tujaribu tena. Usiigize. Karani amekuambia usubiri. Fanya kama unavyofanya ukiambiwa usubiri."

Tatizo ni kwamba Jino akiambiwa asubiri, husubiri. Alisimama mbele ya meza tupu, jasho likimtoka, akiona bahati yake inaondoka hivi hivi macho yakiwa wazi. Mikono, kwa kukosa la kufanya, ikafungua mkoba. Ikatoa miwani, ikaiweka mezani. Ikatoa leso. Ndipo mabega yakashuka, shingo ikainama kidogo upande wa kushoto, na sauti iliyotoka haikuwa yake kabisa. Ilikuwa ya mama.

Mama hakuwahi kupiga kelele kwenye ofisi ya mtu. Akizungushwa, aliuliza hali kwanza: hujambo mwanangu, mama yako hajambo, umekula? Huku akiuliza, anafungua mkoba wake wa ngozi ya kahawia, eti anatafuta kadi, na anatoa kitu kimoja kimoja anakipanga juu ya meza ya mwenyewe. Miwani yenye mkono mmoja, leso, kipande cha sabuni, uzi mweusi uliochomekwa sindano, kufuli lisilo na ufunguo, yai la kuchemsha ndani ya karatasi. Hupanga mpaka karani akakosa pa kuweka kiwiko. Kisha husema, taratibu, "Basi nasubiri, mwanangu. Siku ya leo yote ni yangu." Hakuna ofisi iliyostahimili zaidi ya robo saa. Hivyo ndivyo alivyopata kitanda hospitalini, bomba la maji, na nafasi ya shule kwa binti yake, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama kule mlangoni akikodolea macho matangazo ya ukutani kama mtu aliyekuja peke yake, akiomba ardhi ipasuke immeze.

Mwongozaji alivua kofia.

"Ni wewe," akasema. "Na uje na mkoba."

Jino alishuka ngazi akiimba. Alipofika chini ndipo kitumbua kilipoingia mchanga. Mama angeona! Alhamisi moja, pale kiti cha mbele, angejiona anaigizwa na mtoto wake wa kumzaa mbele ya watu wote, na angeelewa kwamba mtoto huyo alimwonea haya miaka yote ile na sasa ameifanya haya hiyo kuwa kichekesho. Mama hakuwa mtu wa kuchekwa. Wazo hilo lilimuuma Jino kweli. Angeweza kuikataa kazi. Hakuikataa, na tusimpambe: alikuwa amechoka kuwa jino.

Jioni ya kuamkia siku ya kurekodi alijaribu mbele ya kioo kwa mkoba wake mwenyewe, mikono ikagoma. Alfajiri, mama akiwa bado kitandani, akauchukua wa mama. Nia yake ilikuwa kuurudisha adhuhuri. Mama hakuwa na safari siku hiyo, na wizi wa saa sita, Jino alijiambia, unaitwa kuazima.

Hospitali ile, ambayo kwenye televisheni ilikuwa na ghorofa nne, ilikuwa ghala moja lenye harufu ya rangi mbichi. Kuta zilikuwa za mbao nyembamba; ukiziegemea, nazo zinakuegemea. Mlango wa chumba cha upasuaji ulifungukia rundo la viti vya plastiki. Na yule karani mwenye tai, adui wa ukoo, alimletea chai kwa mikono miwili na kumuuliza kama amelala salama. Jino alimjibu kwa shida. Ilikuwa vigumu kumpenda ghafla mtu ambaye nyumbani kwao hulaaniwa kila wiki.

Kando ya kamera alikaa mwanamke mwenye daftari, ambaye kila mtu pale alimwita Kumbukumbu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila wanaporudia, mambo yanabaki vile vile. Alipiga picha kila kitu, hata mkunjo wa leso.

"Kata!" akadai mara ya pili tu. "Dada, mwanzo kufuli lilitangulia yai. Sasa yai limetangulia kufuli."

"Kwani kuna neno?"

"Watazamaji wataona yai linaruka lenyewe."

Jino alifumba macho kidogo. Akauona mkono wa mama unaingia mkobani na kutoka. "Kufuli kwanza," akasema. "Kisha yai. Ni kweli."

Mara ya nne, alipofika kwenye yai, akamwona karani alivyokonda, akajikuta anasema maneno ambayo hayakuandikwa popote: "Umekula, mwanangu? Hebu chukua. Kufukuza watu ni kazi, huwezi kuifanya na njaa." Karani aliduwaa. Kisha, sijui alipatwa na nini, akalimenya yai akalila lote, tai ikamwagikiwa makombo. Ghala zima lilibana kicheko.

"Hiyo!" mwongozaji akaruka. "Hiyo hiyo! Tunairudia kutoka upande huu. Na ule. Na kwa juu."

Sasa yai lilikuwa moja, na lilikwisha liwa. Mpishi wa kikosi akachemsha trei nzima. Karani alikula yai la pili kwa furaha, la tatu kwa adabu, la tano kwa uwezo wa Mungu. Kwenye la saba alimshika Jino mkono.

"Mama, nakuomba, nikuhudumie tu yaishe. Nikupe kitanda. Nikupe wodi nzima."

Jino alicheka mpaka akafutwa machozi na mpambaji. Tangu aanze kuigiza hakuwahi kufurahi hivyo, na aibu yake yote ilikuwa imelala. Iliamka saa kumi alasiri, mwongozaji aliposema picha za karibu za mkoba zitapigwa wiki ijayo, na Kumbukumbu akauchukua mkoba pamoja na vilivyomo, akaufungia kabatini.

"Dada, huo siwezi kuuacha. Si wangu."

"Kikishaonekana kwenye kamera ni cha kamera," alisema Kumbukumbu, "mpaka tumalize."

Alisihi, akabembeleza, akaambulia patupu. Hata ile mbinu ya mama hakuweza kuitumia, kwa sababu zana zote zilikuwa kabatini.

Alipofika nyumbani alikuta godoro limepinduliwa. Mama alikuwa amepiga magoti akichungulia chini ya kabati, na mama mdogo amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Ananiita mwizi!" mama mdogo akalalamika. "Mimi! Niibe miwani yenye mkono mmoja nikaivae wapi?"

"Sijasema mwizi," mama akajibu kutoka sakafuni. "Nimesema jana ulikuja kuomba uzi."

Kwa Jino, kueleza mkoba uliko ni kueleza ulikwenda kufanya nini. Akasema ana kichwa kinamgonga, akaenda kulala kabla ya jua kuzama. Siku sita dada wale wawili walisalimiana kwa kupitia kwake: mwambie dada yangu chai iko tayari, mwambie mdogo wangu sitaki chai. Na yeye akapeleka salamu hizo akijiona mwovu kuliko jino lolote.

Siku ya saba aliurudisha, akauchomeka nyuma ya kabati, na mama akauona jioni ile ile. Akakaa kitandani, akatoa vitu kimoja kimoja. Leso ilikuwa imekunjwa pembe nne. Yai lilikuwa bado lina uvuguvugu.

"Mwizi wangu ana adabu," mama akasema. Akalimenya yai akala, macho yake yakiwa juu ya binti yake muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Wiki tano baadaye ikafika ile Alhamisi. Jino alikuwa amewaambia tu kwamba ataonekana kidogo, na mama mdogo akawaambia majirani wote, kwa hiyo chumba kilijaa hadi dirishani. Jino mwenyewe hakupata kiti, wala hakukitafuta. Alisimama mlangoni, akajifanya anasoma kalenda.

Mchezo ukaanza. Karani akatokea, akazomewa kama kawaida. "Subiri," akasema. Ndipo mwanamke akaingia kwenye kioo cha televisheni, mabega yameshuka, shingo imeinama kushoto, akauliza, "Hujambo, mwanangu? Mama yako hajambo?" Mkoba ukafunguka. Miwani. Leso. Sabuni.

"Dada!" mama mdogo akapiga yowe. "Huyo ni wewe! Huyo ni wewe mtupu! Na huo mkoba..." Akageuka polepole kumtazama Jino. "Aha. Kumbe mimi niliitwa mwizi siku sita kwa ajili ya televisheni!"

Chumba kikaangua kicheko. Karani alipolila yai walipiga meza, na jirani mmoja akasema watoto sasa wataacha kumwita Jino, watamwita Mkoba. Mama peke yake hakucheka. Alikaa mbele, mgongo umenyooka, mikono mapajani, mpaka karani wa kwenye kioo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akainuka na kusema, "Mama, pita."

"Njoo huku," mama akasema bila kugeuka. "Toka hapo mlangoni."

Jino alipenya katikati ya magoti ya watu. Alichuchumaa kando ya kiti, roho mkononi.

"Ulikuwa unasimama hivyo hivyo," mama alisema kwa sauti ya chini. "Kila ofisi. Mimi huku, wewe kule na matangazo yako. Nikasema moyoni, huyu mtoto ananionea haya, basi, nimwache asome."

"Nilikuwa nakuonea haya, mama." Machozi yalikuwa yamekwisha mtoka. "Nisamehe. Na mkoba pia, nisamehe."

"Ya haya nilijua. Na ya mkoba nilijua, tangu lile yai la moto." Mama akanyoosha kidole kwenye kioo, ingawa pale sasa palikuwa na tangazo la sabuni. "Lakini lile kufuli. Kufuli kwanza, kisha yai. Hata mimi mwenyewe sikujua kama navitoa hivyo. Ni tangazo gani lilikuwa limeandikwa hayo?"

Jino akafuta machozi.

"Kumbe hukuwa unasoma," mama akasema. "Kumbe ulikuwa unaniangalia mimi."

Akasogea, akampa nusu ya kiti cha mbele.