Kikapu cha Visiwa vya Ewaso

Mtu wa Isiolo akitaka kikapu cha kudumu, haendi sokoni. Anangoja kiangazi, maji ya Ewaso Nyiro yapungue, kisha anavuka kwa miguu hadi visiwa vile vidogo vya upande wa Gotu, ambako wanawake wa Kiturkana husuka majani ya mti wa mkoma. Nilijua hayo miaka yote na sikuwahi kukanyaga huko. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ililala chumba cha pili nyumbani kwangu Wabera, mjini Isiolo.

Mwaka wa njaa, sabini na moja, msusi mmoja wa visiwani aitwaye Akal aliniletea binti yake mlangoni. Mtoto alikuwa mifupa na macho tu. "Mama Awo, shika huyu mpaka mvua irudi," alisema, akaenda zake. Mimi, Awo, sikuwa nimejaliwa kuzaa, na mume wangu Hirsi alikuwa amechoka kusikia maneno ya ndugu zake. Mtoto aliitwa Nakuam. Nilimpa maziwa, nikampa na jina la Raho.

Mvua ilirudi. Akal hakurudi. Mwaka ukapita, na mwingine, nami nikajisemea kwamba amesahau. Kwetu Wasomali, mwenye amana ndiye anayeifuata.

Raho akakua akiniita hooyo, kama mtoto yeyote wa Kisomali anavyomwita mama yake. Nilimfundisha kusuka, akawa mwepesi wa mikono kuliko mimi, na mwepesi wa mdomo pia, jambo ambalo majirani walidhani haliwezekani. Halafu, mwaka ule shule zilipoanza kugawa maziwa ya Nyayo, alirudi nyumbani na pakiti yake mkononi, akasema, "Hooyo, nataka kuona mahali nilitoka."

Nilitaka kumwambia hapana. Hirsi alinitangulia, akasema kutoka kitini, "Mpeleke. Mtoto si mbuzi wa kufungwa kamba."

Basi nikakubali, na nilikubali kwa ujanja. Nilijisemea: acha akaone jua la huko, akaone nzi na vibanda vya majani. Jioni haijafika atakuwa ameshika mlango wa lori kabla yangu.

Hirsi alitushusha asubuhi kando ya mto kwa lori lake la Bedford, akaendelea na mizigo ya Gotu. Angetupitia alasiri. Maji yalifika magotini, ya rangi ya chai, na mimi naogopa maji hata ya karai. Raho alichukua viatu vyangu, akanishika mkono, akanivusha huku akinicheka.

Akal alikuwa ameketi kivulini mwa mkoma, anasuka. Alimtazama msichana, akaniangalia mimi, kisha akaweka kazi chini. Nilitegemea kilio, au ugomvi. Ugomvi ningeuweza.

"Umekuja, Mama Awo," alisema. "Mimi nilikuwa nangoja wewe."

"Uningoje mimi? Isiolo si mbali. Mbona hukuja?"

"Kwetu, mtu amepewa kitu ndio anarudisha. Nikikuja kwako kuchukua, ni kama nasema wewe ni mwizi. Wewe uliokoa mtoto yangu. Nitakuita mwizi namna gani?"

Kumbe miaka yote hiyo yeye alikuwa ameketi huku akiniheshimu, nami nimeketi Wabera nikimwona mama asiye na moyo.

Akal aliingia kibandani, akatoka na kitako cha kikapu, kidogo, cheusi kwa moshi. Alieleza polepole, kwa Kiswahili chake, ili sisi wote tuelewe. Visiwani, binti akizaliwa, mama yake humsukia kitako. Kikapu chenyewe ni kazi ya binti, siku mkono wake ukikomaa. Akishaanza mzunguko ukakubali, haondoki kwa mama yake mpaka afunge mdomo wa kikapu. Akiondoka baada ya hapo ni mwanamke, na popote anapokwenda ana kwao.

Alikiloweka mtoni mpaka kikalainika, akampa Raho.

Raho alikaa, akachukua majani, akaanza. Alisuka nilivyomfundisha mimi, kuelekea kulia, jani likipita juu. Akal alitazama, akafumua. Raho akaanza tena. Mikono ikarudi kulia. Akal akafumua tena.

"Mkono ni ya huko," alisema.

Nilifurahi, na sioni haya kusema. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Mkono ulikuwa wangu, na mkono hauna ujanja. Nilianza hata kuokota viatu vyangu.

Ndipo Raho akainua uso. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata alipokuwa mdogo mwenye njaa. Hakuwa akimlilia Akal wala mimi. Alikuwa ameshika kitu alichofanyiwa tangu siku ya kuzaliwa, na kitu hicho kilikuwa kinamkataa.

"Hooyo," aliniambia, "nisaidie."

Angemwomba mtu mwingine yeyote. Angemwomba mama yake, aliyekuwa hapo hapo. Lakini tangu azoee kuniita hivyo, kila kilichomshinda alikileta kwangu, uzi wa sindano, hesabu za shule, mwiba wa mguuni.

Nami nilijua. Tangu tuvuke nilikuwa nikiangalia mikono ya Akal kwa wivu, kama mtu anavyomwangalia mke mwenza. Nilikuwa nimeona kila kitu.

Nilikaa nyuma yake mchangani, nikashika mikono yake miwili. "Sahau nilivyokufundisha," nilimwambia. "Jani lipite chini. Vuta kushoto. Usiangalie, acha kidole kitafute chenyewe."

Tulisuka hivyo, mikono yangu juu ya yake, mpaka nikahisi vidole vyake vinakwenda bila mimi. Niliiachia. Mzunguko ulikamilika. Akal aliuinamia, akaugusa kwa kucha, na hakufumua.

Lori lilipiga honi ng'ambo.

Raho aliniangalia, kisha akatazama kikapu mapajani. Mdomo wa kikapu ulikuwa bado mbali sana, kazi ya mwezi na zaidi, na baada ya mwezi mvua zingejaza mto.

"Hooyo, nimeshaanza," alisema.

"Naona. Mimi ndiye nimekuanzisha."

Alinivusha. Alibeba viatu vyangu, akanishika mkono, na safari hii hakunicheka. Ukingoni alipiga magoti, akanivalisha viatu kimoja kimoja kama mimi ndiye mtoto, akanikumbatia miguu. Kisha akageuka, akavuka haraka, maana alikuwa ameacha majani juani na majani yakikauka hukatika.

Nilipanda lori. Hirsi aliuacha mlango wa upande wangu wazi na injini ikinguruma, macho yake mtoni, akingoja mtu wa pili apande. Alingoja sana, maskini.

Nikaufunga mimi.