Bwana Afya Anakuja Saa Nne

Elieshi alikuwa amepiga magoti akiisugua sakafu kwa mara ya tatu tangu alfajiri. Sabuni ilikuwa imeadimika madukani kwa wiki mbili. Alitumia majivu na maganda ya ndimu, na mikono ilimwasha mpaka viwikoni.

"Mama Anselmi, utaitoboa hiyo saruji!" Mzee Awadhi, balozi wa nyumba kumi, alisimama mlangoni na redio yake kwapani ikiimba. "Nyie Wachaga mnataka bwana afya ale chakula chini?"

"Shikamoo, mzee. Usikanyage."

"Marahaba. Sikanyagi. Nauliza tu."

Barua aliyoileta balozi huyohuyo ilisema wazi: anayelea watoto wa watu nyumbani kwake akaguliwe na apewe kibali, au aache. Elieshi alikuwa na miezi mitatu katika kazi hiyo, na watoto sita. Mama zao walikuwa viwandani na kwenye ofisi za Posta. Josepha, wa kiwanda cha nguo, alimwambia asubuhi ile akimkabidhi kichanga chake: "Wakikufungia, dada, na mimi nimekwisha. Msimamizi ameshanionya. Nikikosa zamu moja tena, basi."

Kwa hiyo alijiandaa kama alivyolelewa kwao Machame. Mtungi aliufunika. Vikombe sita alivipanga, kila kimoja na uzi wa rangi yake. Jiko la mkaa alilitenga kwa ubao usiorukwa na mtoto. Kisha, saa tatu na nusu, akafanya alichofanya mama yake kila mchungaji alipokuja kutembelea: aliwaondoa watoto. Kwao watoto walipelekwa migombani, mgeni akala na kuomba kwa utulivu, nao wakarudi kugombea mabaki. Kariakoo hakukuwa na migomba. Aliwavusha barabara mpaka uani kwa Harshida, mjane wa Kihindi aliyeuza viungo na achari.

"Nusu saa tu," Harshida alisema. "Leo natwanga."

Saa nne kamili bwana afya, Ndugu Vitalis, akaingia na kaptula nyeupe, soksi ndefu na faili. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifunua mtungi, akanusa. Alipoambiwa choo kina mfuniko, alikwenda kuuinua mwenyewe. Alitikisa ule ubao wa jikoni, haukutikisika. Elieshi alimfuata hatua mbili nyuma, na kwa mara ya kwanza siku ile alipumua.

"Vizuri," alisema bwana afya. "Watoto wako wapi?"

"Kwa jirani, ndugu. Nimewapeleka ili ukague kwa nafasi."

Bwana afya alifunga faili.

"Sasa mimi nimekagua nini? Sakafu?"

"Ndugu Vitalis," Mzee Awadhi aliingilia, "huyu mama ni mtu safi, mtaa mzima..."

"Mzee, mwezi uliopita tumezika mtoto, mtaa wa tatu kutoka hapa. Alitumbukia kwenye pipa la maji. Nyumba ile niliikagua mimi. Ilikuwa safi kama hii. Nikaambiwa watoto wako kwa jirani, nikasaini. Walikuwa kumi na tisa. Na mama mmoja wa kuwaangalia."

Mzee Awadhi alizima redio.

"Nakupa dakika kumi," bwana afya alisema bila kumtazama Elieshi.

Elieshi alivuka barabara pekupeku. Uani kwa Harshida watoto walikuwa wamelifikia sinia la manjano yaliyotwangwa. Walikuwa wa njano vidoleni, magotini, masikioni. Elieshi alinyakua ndoo.

"Hayatoki kwa maji hayo," Harshida alimwambia. "Utawachubua bure, na mtu wako ataondoka."

Aliitua ndoo. Akambeba kichanga, akawashikanisha wengine mikono, akaondoka nao walivyo.

Waliingia na matope yao na manjano yao. Elieshi hakuitazama sakafu. Bwana afya aliwahesabu: sita. Aliwafunua macho, akatazama kucha na nywele, akabonyeza vifundo vya miguu.

"Huyu?"

"Fikirini. Simpi mayai, yanamtoa vipele."

"Anayechechemea?"

"Kiatu kinambana. Mguu ni mzima."

"Na kichanga kinalia nini?"

"Saa yake ya kulala imepita. Nimeichelewesha mimi."

Alimtupa mgongoni, akafunga kanga, akaendelea kujibu huku akiyumba taratibu. Nani anamchukua nani jioni. Nani aliharisha, lini, na alipewa nini. Walipofika kwenye swali la maziwa, kilio kilikuwa kimekwisha.

Bwana afya aliandika kwa muda mrefu, amesimama. Fikirini alimshika paja kwa nyuma, akachungulia kati ya magoti yake, akaenda zake.

"Majibu yatakuja kwa balozi."

"Yatasema nini, ndugu?"

"Yatakuja, mama."

Akatoka. Nyuma ya ile kaptula nyeupe palikuwa na kiganja kidogo cha njano, vidole vyote vitano.

"Mama Anselmi," Mzee Awadhi alinong'ona, "mwite, mwambie!"

Elieshi hakumwita. Alisimama kizingitini akiendelea kuyumba, ingawa mtoto alikuwa amelala kitambo, akikitazama kile kiganja kikienda kuelekea sokoni, kikionekana na kupotea katikati ya watu.