Siku Radi Kavu Iliporekodiwa

Mama yake Fundi alikuwa muuguzi wa watoto njiti, na kazi hiyo ilikuwa imemzoesha kusema chini chini. Nyumbani hakuwahi kumwita mtu akiwa chumba kingine. Alikufuata mpaka ulipo, akakugusa bega, ndipo aseme. Akikasirika ndiyo kwanza sauti ilizidi kushuka, na hapo ulijua umekwisha.

Basi Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kurekodi sauti za matangazo ya redio, alikuwa amekua akiambiwa kwamba mama yake aliwahi kuimba katika bendi ya hevi metali, ule muziki mkali wa magitaa yanayonguruma. Alikubali tu, kama mtu anavyokubali kuwa dunia ni mviringo. Bendi hiyo, Radi Kavu, ilivunjika kabla hajazaliwa, mpiga gitaa alipopata kazi melini akaenda zake. Hawakuacha hata kanda moja.

Mwaka huu mpiga gitaa alirudi. Walimwita Twiga, na kweli aliingia sebuleni ameinama, ndevu nyeupe pe.

"Dada," akamwambia Mama, "turudi jukwaani mara moja, na safari hii turekodi. Binti yako si fundi?"

Mama akatazama kikombe chake cha chai. "Sawa, mpeni yeye kazi hiyo ya kurekodi," akasema, kwa sauti ileile ya wodini.

Mazoezi yalifanyika kwenye karakana ya mpiga ngoma, Tingatinga, ambaye siku hizi alichomelea mageti. Gitaa la besi lilipigwa na mdogo wake. Wanaume walivurumisha muziki mpaka vyuma vilivyoegemezwa ukutani vikalia, na Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akichezesha midomo tu. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo hivyo. Fundi akaingiwa na wasiwasi, akamvuta Tingatinga pembeni.

"Mjomba, mbona Mama haimbi? Sauti si imekwisha?"

Tingatinga akafuta mikono kwa kitambaa. "Hata mimi sijui, mwanangu. Naogopa kumuuliza."

Kwa huruma, Fundi akapanga kumsaidia mama yake. Kipaza sauti chake angekiongezea nguvu kuliko vyote, ili hata mnong'ono usipotee.

Onyesho lilikuwa Jumamosi alasiri, katika jumba la zamani la sinema. Fundi aliweka mitambo yake juu, kwenye kile chumba ambamo zamani mwanga wa filamu ulitokea, akawa anachungulia ukumbi kupitia kidirisha cha kioo. Watu walikuja wengi kuliko alivyodhani: wanaume wenye vipara na fulana nyeusi zilizowabana matumboni, wanawake wa makamo wakiwa wamefuatana na watoto wao wakubwa. Mama akatoka jukwaani amevaa viatu vyake vyeupe vya kazini. Gitaa likaanza, ngoma zikafuata, kisha akafumbua mdomo.

Fundi aliving'oa visikilizio masikioni kana kwamba vimemuunguza. Taa za mtambo ziliwaka nyekundu zote, ishara kwamba sauti imezidi kipimo. Alijua la kufanya, ni kushusha kitufe kimoja tu, lakini mkono ulikataa. Sauti ilipanda kutoka chini, nzito, yenye mikwaruzo, ikapita juu ya gitaa na kuliacha nyuma, na kioo cha kidirisha kikatetemeka mbele ya pua yake. Haikuwa kelele. Kila neno lilisikika. Chini ukumbini hakuna aliyecheza. Walisimama wameinua nyuso, na mzee mmoja alikuwa amevua kofia. Yule mwanamke mwembamba aliyekuwa akimgusa bega ndiye aliyekuwa akifanya haya, amesimama wima, mkono mmoja mfukoni.

Wimbo ulipokaribia kwisha ndipo Fundi alipokumbuka kushusha kitufe. Nyimbo zilizofuata zilitoka safi. Ule wa kwanza ulikuwa umepasuka.

Kesho yake aliwaita studio, akawaeleza ukweli. Twiga akasema si neno, Dada aurudie palepale, wauchomeke mahali pa ule uliopasuka. Mama akaomba kwanza asikilize. Alisikiliza amekunja mikono, mpaka mwisho.

"Uacheni," akasema.

"Lakini Mama, sauti imepasuka. Watu watadhani spika zao ni mbovu."

"Mazoezini sikuthubutu kuijaribu sauti yangu, mwanangu. Sikujua kama ipo. Kwenye wimbo huu ndipo nilipojua. Nikirudia leo nitaimba kama mtu anayejua, na kitakuwa kitu kingine."

Albamu ikatoka hivyo, wimbo wa kwanza umepasuka, na Tingatinga aliupiga karakanani kutwa mpaka wateja wakawa wanaelewana naye kwa ishara.

Lakini Fundi bado alikuwa na lake moyoni. Jioni moja, Mama akiosha vyombo, alimsogelea.

"Mama, ile sauti inatoka wapi?"

Mama akafuta mikono. Akauchukua mkono wa bintiye, akauweka chini ya mbavu zake, akaukandamiza.

"Usiogope," alinong'ona, akavuta pumzi. Fundi akahisi tumbo la mama yake likikaza chini ya kiganja, gumu kama ubao, kisha sauti ikaja, na mkono wake wote ukatetemeka nayo mpaka begani.