Baba Kufuli

Kama kuna mtu Sekei nzima aliyekuwa na haki ya kukasirika mwaka ule, basi ni Mzee Ndesanjo. Miaka thelathini anauza vipuri vya magari mjini Arusha, mzee wa kanisa, mtu anayepewa shikamoo mpaka na wenye mvi zao, leo hii watu wazima wanamcheka akifunga duka!

Na kufunga kwenyewe kulikuwa kule kule kwa siku zote. Anakohoa mara mbili, anabana kufuli, analitikisa mara tatu, anaondoka. Akifika kama hatua kumi roho inamsuta, anarudi, analitikisa tena. Basi, kosa liko wapi hapo? Lakini tangu Pasaka, kila akirudi kulitikisa kufuli wapita njia wanaangua kicheko. Vijana wa bodaboda wakaanza kumwita Baba Kufuli. Siku moja muuza nyama akamsifia, tena kwa nia njema kabisa, kwamba anamwigiza vizuri sana yule mzee wa kwenye filamu, ila kikohozi akivute kidogo.

Ndesanjo nusura apasuke. Yeye amuige mtu? Yeye aliyeanza kukohoa hivyo kabla nyumba za Sekei hazijajua televisheni ni nini? Akaingia duka la pili, kwa Evaresta muuza vitambaa, mwanamke asiyemung'unya maneno, akataka kujua kuna nini. Evaresta akashangaa kwamba bado hajui. Kuna filamu, akamweleza, imepigwa huku huku kwetu, Maji ya Chai na Olmotonyi, na nchi nzima haizungumzi kingine. Ndani yake kuna mzee mmoja mgumu, mchoyo wa maneno, anaitwa Baba Kufuli. Aliyemwigiza anajiita Meku, yaani mzee kwa Kichaga, na hakuna aliyewahi kumwona nje ya mavazi yale. Hata tuzo alikwenda kuipokea na mkongojo. Watu wanakisia ana miaka sabini.

"Usikasirike, Baba Hope," Evaresta akamalizia, "lakini ukimwona utadhani mmenyonya ziwa moja."

Baba Hope. Jina hilo Ndesanjo alijichagulia mwenyewe, la binti yake, mtoto wa pili. Mtoto wa kwanza ni Ebenezer, lakini ole wake atakayemwita Baba Ebenezer. Akiulizwa, jibu lake lilikuwa moja, kwamba mtoto wa kiume hana. Ebenezer alikuwa amepelekwa chuo cha misitu Olmotonyi, baba ameshatamba mji mzima kwamba anamsomesha bwana misitu, na mwaka wa pili kijana akatoroka kwenda Dar es Salaam kuigiza. Kuigiza! Habari zake zilikuja vipande vipande, na zote za aibu. Walimkataa kwa sababu sauti ina mikwaruzo. Walimkataa kwa sababu sura haina mvuto. Alipopata kazi, alipewa kuwa maiti, mara mbili. Filamu ya tatu akawa mlinzi anayeonekana mgongo tu, na maneno manne aliyopewa wakayakata. Ndesanjo alicheka siku aliposikia hayo, kicheko kibaya, na mkewe Agnela akaondoka mezani.

Basi vijana wa usharika wakatangaza kuonyesha filamu hiyo Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kanisa, kuchangia paa la Shule ya Jumapili, na mzee wa kufungua shughuli akawa, nani tena, Ndesanjo. Alitaka kukataa. Agnela akamnyooshea suti bila kuulizwa, akavaa kitenge chake cha harusi za watu, akamwambia mzee wa kanisa hakimbii kanisa. Kilemba alikifunga na kukifungua mara tatu, lakini Ndesanjo hakutia maanani. Walikaa mstari wa mbele, Mchungaji Melkizedeki kulia, Agnela kushoto. Mapazia yakafungwa.

Mzee akatokea, akakohoa mara mbili. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Ndesanjo hakucheka. Alikuja kuona mtu wa kufanana naye, na huyu hakufanana naye. Huyu alikuwa yeye! Kijiko cha mtori anakipuliza mpaka kinapoa kabisa, kisha anakirudisha bakulini bila kukionja. Miwani anaifuta kwa ncha ya shati. Funguo anazinusa kabla ya kuzitia mfukoni, jambo ambalo Ndesanjo alidhani hata Agnela halijui. Nani amekaa nyumbani kwake akamtazama hivi, siku baada ya siku, mpaka pua?

Jibu lilimfikia kabla hajalitaka.

Maana pale kwenye skrini mzee alikuwa anafunga duka, na nyuma yake kijana amesimama, ameshika jani la sale kwa mikono miwili. Kwa Wachaga hapo hakuna la kuongeza. Anayetaka msamaha hushika sale akamwendea aliyemkosea, wala hahitaji kusema neno. Hata kama damu imemwagika, sale halikataliwi. Anayelikataa, ubaya wote unahamia kwake.

Na Ndesanjo alilikataa. Miaka sita iliyopita, jioni, Ebenezer alirudi kutoka Dar amekonda, shati limemzidi mabega, akasimama mlangoni pa duka na jani lake. Ndesanjo alilitazama lile jani. Akakohoa mara mbili, akatikisa kufuli mara tatu, akaondoka. Hatua kumi, akageuka na kurudi, na aliuona uso wa mtoto ukichangamka. Akampita. Akatikisa kufuli, akaenda zake. Hakumwambia mkewe wala mtu yeyote. Walijua wao wawili na Mungu.

Sasa ukumbi mzima ulikuwa unaona. Baba Kufuli alihesabu hatua kumi, akarudi, uso wa kijana ukachangamka, akampita. Waliokuwa wanacheka walinyamaza ghafla, watu mia tatu, na mama mmoja huko nyuma akasema Yesu wangu. Mchungaji akainama akamnong'oneza Ndesanjo kwamba, tumshukuru Mungu, mzee wa namna hii kwetu hayupo. Ndesanjo akajibu "mh."

Filamu ilipokwisha mapazia yakafunguliwa, na Princess, kiongozi wa kwaya ya vijana, akashika kipaza sauti akatangaza kwamba Meku mwenyewe yumo humu ndani. Mzee akatoka chumba cha pembeni na mkongojo wake. Makofi, vigelegele! Kisha akavua nywele nyeupe, akachukua taulo akajifuta uso taratibu, na uzee wote ukabaki kwenye taulo. Watu walibaki midomo wazi. Kijana! Tena kijana wao, aliyebatizwa hapo hapo. Agnela alikuwa analia, lakini hakuwa ameshangaa hata kidogo, na hapo Ndesanjo akajua kwamba mkewe alijua.

Ebenezer alisimulia kwa ufupi. Mwaka jana alikuja Maji ya Chai na wapiga filamu, si kuigiza, kubeba taa. Siku ya kwanza mwigizaji wa mzee akaugua. Mwongozaji, akiwa amekata tamaa, akamwambia mbeba taa asimame tu pale wapime mwanga. Akasimama, na kwa kuwa hakujua afanye nini, akakohoa mara mbili. Wote wakacheka, kisha wakanyamaza, kisha mwongozaji akaagiza aletewe koti la mzee. Mengine yakaongezwa humo humo wakiendelea kupiga.

Princess akauliza kila mmoja alichotaka kuuliza. Uzee ule aliusomea wapi? Na lile tukio la sale, ni kweli kuna mzee aliyefanya hivyo?

Ebenezer akamtazama baba yake kwa mara ya kwanza. Ndesanjo aliona ameshakwisha. Miaka thelathini ya jina lake mjini ilikuwa inasubiri neno moja.

"Uzee nimeuokota kwa wazee wengi," Ebenezer alisema. "Ila ile ya sale tumeibuni. Mzee wa kwetu hawezi kukataa sale."

Ukumbi ukapumua, ukapiga makofi. Mchungaji akamgusa Ndesanjo goti kwa furaha. Ameokoka! Angeweza kwenda nyumbani akanywa chai yake, na siri ingebaki siri. Lakini maneno yale yalimchoma kuliko ambavyo aibu ingemchoma. Mtoto aliyemkana kwa miaka sita alikuwa amesimama mbele za watu akamfichia uchi wake, bila hata kuombwa.

Akasimama. Akakohoa mara mbili, mazoea tu, na wachache wakacheka. Akashika njia ya katikati kuelekea mlangoni, na kicheko kikafa. Ebenezer akainamisha kichwa. Mgongo ule aliujua.

Nje, mpakani mwa kiwanja cha kanisa, kuna masale yaliyopandwa tangu enzi za wamisionari. Ndesanjo akavunja jani moja, kwa haraka akalichana kidogo. Akarudi nalo ndani, njia ile ile ya katikati, amelishika kwa mikono miwili. Waliokuwa wanajua maana yake walisimama mmoja mmoja. Mtoto kumletea mzazi sale, hilo limezoeleka. Mzazi kumletea mtoto, mbele ya kanisa, hakuna aliyewahi kuliona, na Mchungaji Melkizedeki alishika mdomo.

"Hakikubuniwa kitu," Ndesanjo alisema. "Mzee mwenyewe ni mimi. Siku ile nilirudi kwa ajili ya kufuli."

Ebenezer hakulipokea mara moja. Alilitazama lile jani kwa muda mrefu, na baba yake akasimama akingoja, mikono mbele, akijua sasa jinsi muda huo ulivyo.

"Sale halikataliwi, Baba," akasema kijana, akalipokea.

Ndesanjo alitaka kujibu, akayumba, akashika ukingo wa benchi. Princess alikuwa amesahau kipaza sauti mkononi. Agnela akaja akamshika mumewe kiwiko.

"Baba Ebenezer," akamwambia, "kaa chini, utaanguka."

Akakaa.