Salamu Zilizomezwa Ukutani

Mukhwana wa Matulo alikuwa mume wa ajabu. Kwa simu alimwambia mkewe Nabwile habari za ng'ombe, mvua na mahindi, basi. Maneno matamu aliyapeleka kituo cha redio mjini Bungoma, yasomwe kwenye kipindi cha salamu cha Jumapili. Mbele ya umati alikuwa jogoo. Sikioni mwa Nabwile, kifaranga.

Nabwile alikuwa amestaafu ualimu Kitale, akapanga nyumba ndogo huko huko. Nyumbani Matulo angerudi, tena kwa hamu, ila alitaka kuitwa. Hangejipeleka kama mzigo uliosahaulika steji ya mabasi. Basi Ijumaa Mukhwana alipomwambia, "Jumapili sikiliza redio sana, Mama Phelista," moyo wa Nabwile haukutulia tena.

Taabu ni kwamba katika nyumba ile redio ilikoroma kuliko ilivyosema. Binti yao Phelista, msomi wa fizikia, akaja na dawa yake: karatasi nyembamba zilizochorwa pete ndogo za shaba, safu kwa safu, kama vitambaa vya kochi. Alieleza kwamba mawimbi ya redio yakigonga mabati hurudi, yakavurugana na yale yanayotoka Bungoma moja kwa moja. Karatasi hizi huyapokea, hazirudishi hata moja. Yanaishia humo, yanageuka joto kidogo tu.

"Yaani zinameza?" Nabwile akauliza.

"Zinameza, Mama. Na hazicheui."

Jumapili baada ya kanisa Phelista alipanda ngazi, akabandika karatasi kwenye ghala la mabati la jirani yao Kiptanui, lililotazamana na dirisha. Kiptanui alikuwa ameruhusu huku akicheka. Karatasi ya mwisho ilipokaa, kipindi kilikuwa kinaanza. Redio ikakoroma, ikafifia, ikanyamaza kabisa.

Phelista akageuka, akaitazama ghorofa iliyo nyuma ya nyumba. Ndiyo iliyoziba upande wote wa Bungoma. Kumbe sauti yote ilikuwa ikiletwa na mabati ya Kiptanui, na yeye ameyafunika!

"Woi, Mama, nimekosea!" Akaanza kubandua kwa kucha.

Ndani, salamu zilikuwa zikipita bila Nabwile. Alilia, wala hakuona haya. Kisha akachukua simu.

"Baba Phelista, redio imenyamaza. Sijasikia kitu. Ulisema nini?"

Ng'ombe akalia huko Matulo.

"Si ungoje tu wiki ijayo, wasome tena?"

"Singoji. Nisomee wewe."

Mukhwana akakohoa. Akaanza kwa sauti ya mtangazaji, maana sauti nyingine ya kazi hiyo hakuwa nayo.

"Salamu hizi zimwendee Mwalimu Nabwile, pale Kitale, popote alipo. Zinatoka kwangu mimi Mukhwana wa Matulo. Nyumba imekuwa kubwa sana. Akizipata..." Kwa desturi, anayezipata huambiwa asalimie watu watatu. "Akizipata, asisalimie mtu. Afunge mizigo, arudi nyumbani. Mimi nitamngojea kwa steji."

Nabwile aliziba mdomo kwa leso.

"Mama!" Phelista alipaza sauti kutoka ngazini. "Nimezitoa! Redio imerudi!"

Kweli, mtangazaji alikuwa akinguruma chumba kizima. Nabwile akanyoosha mkono, akaizima.

"Rudia, Baba Phelista," alisema. "Hapo kwa mizigo."